Mwalimu Mmoja, Wanafunzi Wawili wa Todmorden

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na nanyi vijana wa kidato cha tano mliobanana kule nyuma: wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie shule na maisha ya wanafunzi wake baada ya kumaliza. Mada hii kwa kawaida huja na orodha: waziri fulani alisoma hapa, jaji fulani alilala bweni lile. Leo sikuja na orodha. Nimekuja na shule moja ya Uingereza, wanafunzi wake wawili, na mwalimu wao wa fizikia, ambaye kwa miaka mingi nimemuwaza kuliko ninavyowawaza hao wawili.

Shule yenyewe ilikuwa Todmorden, mji mdogo wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, umejibana bondeni katikati ya vilima. Wenyeji hukata jina, wanauita Tod. Mpaka wa kaunti mbili, Lancashire na Yorkshire, ulipita katikati ya mji ukifuata mto, na walipojenga ukumbi wa mji, uliofunguliwa 1875, waliusimamisha juu ya mto huo huo, nusu huku, nusu kule. Mtu aliweza kuvuka kaunti bila kutoka mlangoni. Mpaka ulikuja kuhamishwa 1888, ukumbi ukabaki.

Mji huo wa nyuzi na vitambaa ulikuwa na shule ndogo ya sekondari, wavulana na wasichana pamoja. Haikuwa Eton, ile shule maarufu ya Uingereza iliyoanzishwa na mfalme 1440. Lakini vijana wawili waliopita madarasani mwake, mmoja akimzidi mwenzake miaka 24, walikuja kupata Tuzo ya Nobel: John Cockcroft, fizikia, 1951, na Geoffrey Wilkinson, kemia, 1973. Na wote wawili walisomeshwa fizikia na mtu yule yule. Jina lake Luke Sutcliffe.

Nianze na mkubwa. Cockcroft alizaliwa 1897, kifungua mimba wa watoto watano, wote wa kiume. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pamba. Aliingia sekondari ya Todmorden 1909, akatoka 1914. Alicheza mpira na kriketi, na miongoni mwa wasichana wa shule ile alikuwamo Elizabeth Crabtree, ambaye baadaye alimwoa.

Hapa nawaomba tusimame kidogo. Cockcroft alipokuwa na miaka 12 na kukaa darasani mchana kutwa, sheria ya Uingereza iliwaruhusu watoto wa umri huo kufanya kazi kiwandani nusu siku na kusoma nusu siku. Miji ya pamba ilikuwa na watoto hao kwa maelfu. Mtoto anaamka alfajiri, anasimama kwenye mashine mpaka adhuhuri, kisha anaenda shule na masikio bado yanavuma kwa kelele za mitambo, analala juu ya dawati. Utaratibu huo ulifutwa na sheria ya elimu ya 1918. Kwa hiyo tunapomtaja Cockcroft tukumbuke kwamba mtoto wa mwenye kiwanda alisoma fizikia, na watoto wa rika lake walikuwa kwenye mashine kama zile za baba yake. Simlaumu, hakuchagua mahali pa kuzaliwa. Nasema tu darasa la Sutcliffe halikuwa na watoto wote wa mji.

Kutoka hapo kijana alipata ufadhili wa kaunti kwenda kusoma hisabati Manchester. Mwaka ule ule vita vikaanza. Akaacha masomo, akawa mtu wa mawasiliano katika kikosi cha mizinga. Aliporudi hakurudi kwenye hisabati, akasoma uhandisi wa umeme, akafanya uanagenzi katika kampuni ya Metropolitan-Vickers, ndipo akaenda Cambridge, tayari mtu mzima, kuanza upya. Nyie vijana mnaodhani mwaka mmoja ukipotea maisha yamekwisha, hesabuni yake: alikuwa na miaka 27 alipomaliza hisabati Cambridge.

Uhandisi ule ndio uliomsaidia. Maabara ya Cavendish ya pale Cambridge, chini ya mwanafizikia Rutherford, ilikuwa na watu wengi wenye kichwa cha nadharia, lakini wachache walioweza kusimamisha mtambo wa volti laki kadhaa bila kujiua. Cockcroft na mwenzake Ernest Walton, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Ireland, waliunganisha mitungi ya kioo ya aina iliyotumika kwenye pampu za petroli, na palipovuja hewa wakaziba kwa udongo wa kuchezea watoto. Tarehe 14 Aprili 1932 Walton alitambaa sakafuni, maana kusimama karibu na umeme ule ilikuwa hatari, akaingia kwenye kibanda kidogo cha mbao kilichokuwa chini ya mtambo. Ndani kulikuwa na kioo kilichopakwa kemikali. Akaweka jicho kwenye hadubini akangoja. Vimulimuli vikaanza kuwaka. Akamwita Cockcroft, na Cockcroft akamwita Rutherford, ambaye alikuwa na mwili mkubwa, akajikunja naye akaingia mle ndani. Protoni zilikuwa zinapiga lithiamu na kila kiini kilichopigwa kinapasuka vipande viwili vya heliamu. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa amepasua kiini cha atomu kwa chembe zilizosukumwa na mtambo alioutengeneza mwenyewe.

Hayo ndiyo yaliyompa Nobel. Lakini kama ningeulizwa kazi gani ya Cockcroft naipenda kuliko zote, ningejibu machujio.

Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilijenga vinu viwili vya nyuklia mahali panapoitwa Windscale, pwani ya kaskazini magharibi. Vilipozwa kwa hewa, na hewa hiyo ilitokea kwenye madohani marefu, mita 120 hivi. Cockcroft, wakati huo mkuu wa kituo cha utafiti wa atomu cha Harwell, alishikilia kwamba lazima madohani yawekewe machujio. Ujenzi ulikuwa umekwisha kwenda juu, kwa hiyo machujio hayakuweza kuwekwa chini palipo rahisi, yakapandishwa kileleni kabisa. Gharama, usumbufu, muda. Wahandisi wakayapa jina la kejeli, Upuuzi wa Cockcroft. Oktoba 1957 kinu kimoja kikashika moto. Sehemu kubwa ya vumbi lenye sumu ya mionzi ikanaswa na machujio yale yale. Si yote yaliyozuiwa: iodini ilipita, na maziwa ya mashamba ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 500 yakamwagwa. Lakini dohani lisilo na chujio lingetupa hadithi nyingine. Mtu huyu alikubali kuchekwa miaka kadhaa kwa sababu ya tahadhari, na hakuna tuzo ya Nobel ya tahadhari.

Sasa mdogo. Geoffrey Wilkinson alizaliwa 1921 katika kijiji cha Springside, karibu na Todmorden. Baba yake alipaka rangi nyumba za watu, na babu yake pia. Mama yake aliingia kiwanda cha pamba akiwa bado mdogo, na ndugu zake wengi upande huo walikuwa wafumaji. Nyumba aliyozaliwa haipo tena. Baraza la mji liliibomoa, pamoja na sehemu kubwa ya kijiji, kwa maelezo kwamba hazifai kuishi binadamu.

Mjomba ndiye aliyemwonjesha kemia. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na kiongozi wa kwaya, akaoa kwenye familia yenye kiwanda kidogo cha kutengeneza chumvi za dawa, zile za haluli. Kijana akawa anaenda kuchezea vitu kwenye maabara yao. Walimu wa kemia mtanielewa: mtoto aliyeona fuwele zikijitengeneza chini ya bika kabla hajafundishwa neno mumunyo ni mtoto wa kipekee darasani.

Lakini mjomba na chumvi zake wasingetosha. Shule za sekondari za Uingereza zililipiwa ada, na kwa wote zilikuja kuwa bure baada ya sheria ya 1944 tu. Mtoto wa mpaka rangi, mwaka 1932, katikati ya mdororo wa uchumi, viwanda vya pamba vikifungwa, angemaliza shule ya msingi akiwa na miaka 14 na kutafuta kibarua. Kilichomwingiza sekondari ni ufadhili wa kaunti alioushinda kwa mtihani, akiwa na miaka 11. Karatasi moja. Darasa ni lile lile la Cockcroft na mwalimu ni yule yule, tofauti ni mlango walioingilia.

Wilkinson mwenyewe aliandika kwamba fizikia haikuwa somo lake la moyo. Nampenda kwa ukweli huo. Mwalimu mzuri si lazima mwanafunzi aondoke na somo lake, yatosha aondoke na uwezo wa kufikiri.

Mwaka 1939 akapata ufadhili mwingine, wa kwenda Imperial College, London. Vita vikamchukua kwa njia nyingine: Januari 1943 alipelekwa Kanada kwenye mradi wa nyuklia, Montreal na baadaye Chalk River. Mwaka uliofuata mradi ukapata mkuu mpya, na mkuu huyo ni John Cockcroft. Wazieni: nje ya nchi yao, kwenye kazi ya siri, mtoto wa mwenye kiwanda na mtoto wa mpaka rangi, wote wa shule moja ndogo ya bondeni.

Baadaye Wilkinson alikwenda Marekani, akafanya kazi na mwanakemia Seaborg pale Berkeley. Alitaka kurudi nyumbani, akaambiwa kwamba kwa kemia ya nyuklia asitegemee kazi ya chuo kikuu Uingereza. Basi akarudia lile alilolipenda akiwa mwanafunzi, kampaundi za metali. Akiwa Harvard alishiriki kueleza umbo la ferosini, atomu ya chuma iliyolala katikati ya pete mbili za kaboni, kitu ambacho wanakemia walikuwa hawajakiona. Mwaka 1955 Imperial ikamwita awe profesa. Kichocheo chake cha rodiamu, kinachounganisha hidrojeni na kampaundi za kaboni bila joto kali wala shinikizo kubwa, bado kinaitwa kwa jina lake. Na sisi tuliosoma kemia isokaboni chuo kikuu tunamjua kwa kitabu kinene alichoandika na F. Albert Cotton, aliyekuwa mwanafunzi wake. Maktaba yetu ilikuwa na nakala moja ya kuazima kwa saa mbili. Tuliigombania darasa zima, kurasa za katikati zimelegea gundi, na niliifungua bila kujua kwamba mwandishi ni mtoto wa mama aliyefanya kazi kiwandani.

Kuhusu Sutcliffe mwenyewe, maisha yake yameandikwa kidogo mno. Anatajwa kwa mstari mmoja ndani ya maisha ya watu wengine. Alikuwepo kabla ya vita vya kwanza, akawepo na miaka ya thelathini, akifundisha nyenzo, lenzi na mkondo wa umeme kwa watoto ambao wengi wao waliishia kuwa makarani, mafundi, wauguzi, walimu. Hao nao ni wanafunzi wake.

Kwetu Tanzania ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na hilo ni jambo kubwa, nimeliona kwa macho madarasa yakijaa. Lakini nauli ipo, sare ipo, chakula cha mchana kipo. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, binti, aliyezungushia waya wa redio mbovu kwenye msumari wa inchi sita, akaunganisha na betri mbili, akanyanyua pini 17. Alizihesabu mwenyewe kwa sauti. Nikamwambia aongeze mizunguko, kesho yake akaja na pini 31. Muhula uliofuata hakurudi. Nilipouliza nikaambiwa kwao ni mbali, nauli imeshindikana. Nilikubali jibu hilo haraka mno, na linaniuma mpaka leo.

Sasa anauza mitumba sokoni. Nikipita Jumamosi huniamkia na kunipunguzia bei bila kuombwa. Wiki mbili zilizopita alinionesha kwenye simu jina la mdogo wake, amechaguliwa kidato cha kwanza, akaniuliza daftari za kuanzia ni ngapi na kama lazima ziwe kubwa. Nilimwandikia orodha pale pale juu ya kipande cha boksi, kisha nikamuuliza mdogo wake atakuwa anakwenda shule kwa usafiri gani.

Mwenyekiti, naomba nipokee maswali.