Unga Upande Pikipiki, Binti Atembee
Mazungumzo ya mwalimu mstaafu kwenye mahafali ya kidato cha nne, wilayani Kilolo, Iringa

Kamwene. Mliokaa nyuma chini ya miti sijawasikia. Kamwene! Haya, sasa tunaelewana.

Mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mnaotoa jasho ndani ya hayo majoho ya kuazima. Nimepewa dakika kumi na tano. Mshereheshaji amenionyesha saa mara mbili kabla sijafungua mdomo, maana yake ananijua.

Risala yenu nimeisikia. Umeme umefika mpaka madarasani, wasichana wamecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hadi ngazi ya wilaya, mwalimu wa fizikia amepatikana na hajaomba uhamisho. Hongereni sana. Halafu mkafika kwenye changamoto, na mstari wa mwisho kabisa mkausoma mbio mbio kama mtu anayetaja deni mbele ya mkwe: "Baadhi ya wanafunzi wanaishi kwenye magheto." Baadhi! Asubuhi, kabla wazazi hawajafika, niliwaambia wahitimu waliowahi kuishi geto, yaani chumba cha kupanga mbali na wazazi, wanyooshe mikono. Ilikuwa rahisi zaidi kuhesabu mikono iliyobaki chini.

Najua mnanong'ona: huyu mama na magheto yake. Ndiyo. Nimestaafu chaki, hili sijalistaafu.

Nilipokuwa mwalimu wa malezi, kwenye shule nyingine huku huku milimani, nilikuwa na binti wa kidato cha pili. Sitamtaja jina. Jumanne mpaka Ijumaa ni moto, mkono juu kila swali. Jumatatu anasinzia mpaka udenda unaloanisha daftari. Walimu wakamwadhibu kwa uvivu. Mimi nikamfuata anakoishi: chumba nyuma ya duka, yeye na mwenzake, kitanda kimoja, mafiga matatu mlangoni. Ukutani wamebandika ratiba. Nikafurahi, nikasema hawa wanajisomea. Nikasogea nisome. Jumatatu: maharage. Jumanne: maharage. Jumatano: mboga. Alhamisi: chumvi. Ijumaa: nyumbani.

Alhamisi: chumvi. Msicheke, au chekeni, mimi nilicheka kwanza.

Nikamuuliza kuhusu Jumatatu. Akasema amechoka. Umechoshwa na nini, jana si Jumapili? Akaniangalia kama naongea Kichina. Basi wiki ile nikaenda kwao, nikalala, Jumapili tukashuka pamoja. Tulitoka baada ya ibada, tukafika giza limeingia. Kilo kumi za unga kichwani. Begani mfuko wa viazi na maharage. Mkononi chupa ya mafuta ya kula, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, na bado inavuja. Daftari zake nilibeba mimi, na kabla hatujamaliza kilima cha pili nilijuta. Mnakijua kilima chenyewe, ukifika juu unaona kingine kinakusubiri.

Njiani zikapita pikipiki tatu. Ya kwanza, "Shikamoo mwalimu," ikaenda. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilipunguza mwendo, kijana akaniona, akaongeza. Binti akasema taratibu, "Leo hawasimami kwa sababu yako, mwalimu."

Nikamuuliza, siku nyingine je?

"Wanasimama."

Unapanda?

Akahamisha unga, kutoka kichwani kuuleta begani. Hakunijibu.

Wanachukua nauli?

"Hawachukui."

Wazazi, pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho vikao vyote vya nidhamu nilivyokalia havikunifundisha. Sisi kwenye vikao tunasema watoto wa kike wa siku hizi wana tamaa, wamehongwa chipsi. Chipsi gani, kijiji kile kina chipsi? Kinachompandisha mtoto kwenye pikipiki ni kilo kumi za unga. Ni shingo inayouma. Na nauli isiyodaiwa mwezi wa pili, mwezi wa nane inadaiwa yote kwa pamoja.

Mnataka kujua yule binti yuko wapi. Kidato cha tatu hakukimaliza. Alipelekwa Dar es Salaam, akalea mtoto wa watu. Mnajua tunavyosifiwa huko, eti dada wa kazi mtafute Iringa, ni mchapakazi na ana heshima. Watu wetu wengine wanaipokea sifa hiyo wakitabasamu. Mimi inanichoma.

Sasa namwona mzee pale mbele ameshika fimbo, najua atakachosema tukiwa tunakula: mbona sisi tulitembea na tumekuwa watu? Baba, ulitembea kwenda shule ya msingi, jioni ukarudi kwa mama yako, ukakuta ugali. Ulipofaulu kwenda Malangali au Tosamaganga, ulipanda basi kwa waranti ya serikali, ukapewa kitanda, ukapigiwa kengele ya chakula. Hukuwahi kuwa na miaka kumi na minne, ukilipa kodi ya chumba, ukichanja kuni, na kesho una jaribio la hesabu. Hii ni shule ya aina nyingine. Waziri Mkuu Lowassa aliposukuma shule za kata mwaka 2006, tulichanga tofali, tukashangilia, na mimi nilishangilia. Lakini kata yetu ina vijiji vilivyotawanyika mabonde matatu. Ukiweka shule katikati, umeiweka mbali na kila mtu.

Mwingine atasema elimu ni bure. Kilichofutwa mwaka 2016 ni ada, shilingi elfu ishirini kwa mwaka kwa shule ya kutwa. Kodi ya geto kwa miezi michache tu inaimeza hiyo elfu ishirini. Nashukuru kufutwa kwake, msininukuu vibaya, ila mwenye nyumba hajausoma waraka wa serikali.

Na sheria? Ipo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka huo huo wa 2016: anayempa mwanafunzi mimba, miaka thelathini jela. Iko kwenye karatasi. Huku kwetu baba wa binti na baba wa kijana wanakutana jioni, kunakuwa na kikao, kunakuwa na pombe ya ulanzi, kesi inaishia hapo. Mtoto ndiye anayeondoka kijijini. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Arudi akaishi wapi, na mtoto mgongoni? Kwenye geto lile lile?

Bodaboda mliopaki pale getini, msinune. Nusu yenu niliwafundisha, na mmoja wenu bado ana kitabu changu cha jiografia. Nina ombi kwenu. Jumapili, unga upande pikipiki, binti atembee na wenzake mikono mitupu. Nauli ya mzigo mzazi ailipe kwa mkono wake mwenyewe, kijijini, kabla pikipiki haijawashwa. Na walimu wa zamu waupokee unga hapa shuleni, kwa jina. Ni hilo tu. Halihitaji mfadhili.

Mshereheshaji ananionyesha vidole viwili. Nilitaka kusema kuhusu chakula cha mchana, kuhusu simu, na kuhusu kidato cha kwanza kuzamishwa kwenye Kiingereza kabla hawajajua choo kiko wapi. Mtaniita mwakani. Niseme la hosteli.

Hosteli ile hapo nyuma ya jiko imefika linta. Imefika linta tangu wahitimu hawa hawajaanza shule ya msingi. Ndani umeota mti wa mlingoti, nimeupima leo, umenizidi urefu. Tunaambiwa imekwama kwa kukosa kenchi, mbao za paa. Kenchi! Wilaya hii! Malori ya mbao yanashuka kutoka milimani usiku na mchana, Dar es Salaam wanalalia vitanda vya miti yetu, halafu sisi tunakosa kenchi za kufunika watoto wetu. Mwenyekiti wa bodi, hapo sihitaji jibu, nahitaji mbao.

Wahitimu, nawapenda. Mtihani ni Novemba, nendeni mkalale mapema. Mliopanga, msirudi kijijini wiki mbili kabla ya mtihani. Wazazi, mtawaletea unga ninyi, kwa miguu yenu, mjionee kilima.

Wali umeanza kunukia na mimi pia nina njaa. Ila nimehesabu Fuso nne pale barabarani, na wenye Fuso wamo humu. Zikishuka na mbao Jumapili zinapita vijiji vyote vya juu, na viroba ishirini vya unga juu ya mbao haviongezi hata lita ya mafuta. Nitakaa pale meza ya kwanza, karibu na sufuria, na daftari langu. Mwenye Fuso aje aandike jina kabla hajachukua sahani.