Picha Inachungulia Sekunde Mbili Kisha Giza: Tuifungue Monita ya Mama Zai

Habari zenu jamani, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina monita ya inchi 19 ya jirani yangu Mama Zai, mwenye stationari pale Mbagala Rangi Tatu. Ukiiwasha, taa ya kitufe inakuwa kijani, picha inachungulia sekunde mbili, halafu giza. Kuna fundi alimwambia kioo kimekufa, anunue nyingine. Monita hii ndiyo inayomwandikia barua za watu na kuchapa mitihani ya shule, kwa hiyo tusiizike kabla hatujaipima.

Bisibisi iache kwanza. Badilisha waya wa umeme, badilisha soketi, jaribu na kompyuta nyingine, kagua pini za waya wa picha kama kuna iliyopinda. Ya Mama Zai nimeshayafanya hayo yote, ugonjwa uko pale pale.

Sasa nazima taa za chumba. Naiwasha, inaingia giza, nachukua tochi ya simu na kumulika kioo kwa karibu, kwa upande, hivi. Sogeza mkono taratibu. Mmeona pale chini kushoto? Alama za mafaili zipo, zimefifia tu. Basi kioo ni kizima na picha inatengenezwa. Kinachokosekana ni mwanga wa nyuma ya kioo, au umeme wa kuulisha huo mwanga. Kwako ukikuta hata taa ya kitufe haiwaki, anza kushuku sehemu ya kuingizia umeme. Na kioo kikiwa kimepasuka, usitoe hela yako. Bei ya kioo inakimbizana na ya monita nzima.

Chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, chomoa kabisa. Tandika kanga mezani, laza monita kifudifudi, fungua skurubu za mguu na za mgongoni kwa bisibisi ya nyota. Ganda la nyuma limeshikwa na vimeno vya plastiki pembeni, kwa hiyo pitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye ufa na uizungushe polepole mpaka usikie tak, tak, tak. Usitumie kisu, kinachubua na kinaweza kufika kwenye kioo. Kila waya utakaouchomoa, upige picha kwanza. Wale wenye monita za chogo, naomba msifungue kabisa. Bomba lake la picha linabeba volti zaidi ya elfu ishirini, na linaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa.

Ndani kuna bodi mbili. Ile yenye matundu ya waya wa picha tuiache. Tunayoitaka ni hii yenye transfoma na kapasita nene moja, yaani kikopo cha kutunzia umeme, iliyoandikwa volti 450. Hapa sogeeni karibu, tafadhali. Umeme wa TANESCO wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu unafika kama volti 325, na akiba yake inakaa humu kwenye hii nene. Inaweza kukurusha hata kama waya umeshachomoa. Mimi nasubiri dakika kumi, kisha nachukua glopu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, iliyofungwa kwenye holda yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Nagusisha nyaya hizo kwenye miguu miwili ya kapasita, nahesabu mpaka kumi, mkono mwingine uko mgongoni. Glopu za LED hazifai kwa kazi hii. Halafu napima kwa mita: volti 2. Sasa naweza kushika. Kuna wanaogusisha bisibisi moja kwa moja kwenye miguu. Inapiga cheche, inaunguza njia za bodi, na siku nyingine itakuunguza wewe.

Fyuzi nimeipima, nzima. Ingekuwa imekatika, usiunge kwa waya wa shaba, maana fyuzi haifi bure. Kuna kitu kimepiga shoti.

Haya, tazameni hizi kapasita tatu ndogo karibu na transfoma. Kapasita nzima kichwa chake kimenyooka kama sarafu. Hizi zimevimba kama maandazi, na hii ya katikati imeanza kutoa uchafu wa kahawia pale juu kwenye mkato. Wagonjwa wetu ndio hawa. Ndani ya kapasita kuna majimaji, na joto ndilo linaloyamaliza. Kwa kawaida joto likipungua nyuzi 10, umri wa kapasita unakuwa mara mbili. Sasa fikiria monita inayoshinda imewaka ndani ya kibanda cha bati, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Ila zipo zinazokufa bila kuvimba, kwa hiyo macho peke yake yasikudanganye.

Soma ubavuni: maikrofaradi 1000, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutunza, volti 25, nyuzi 105 za joto. Nimezing'oa, nikaenda nazo mkononi hadi Kariakoo, nikamwekea muuzaji mezani, nikamwambia nataka za kwenye pawasaplai, zisizopasha moto. Maikrofaradi ziwe zile zile. Volti zikizidi kidogo sawa, zikipungua hapana. Pima na unene, zisije zikakataa kukaa. Zote tatu hazikufika bei ya chipsi mayai.

Wakati wa kung'oa, kama lehemu ya kiwandani ni ngumu kuyeyuka, ongezea lehemu mpya kidogo juu yake, italainika. Pasha mguu mmoja huku unaiegemeza kapasita, hamia mwingine, kidogo kidogo, usivute kwa nguvu. Mstari ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi. Rudisha kama picha yako inavyoonyesha. Bodi nyingine zinaweka alama kwenye chanya, kwa hiyo usikisie. Ukiigeuza inaweza kupasuka usoni kwako. Lehemu nzuri inang'aa na kuukumbatia mguu pande zote. Hii ya pili imekaa kama tone juu ya jani la mgomba, narudia.

Narudishia bodi, nyaya, ganda, skurubu. Nyaya za mwanga wa nyuma zisibanwe na ganda. Ndipo nachomeka ukutani, kamwe siiwashi ikiwa wazi.

Kijani... picha... sekunde mbili... tano... kumi. Ipo.

Ingezima tena, ningeangalia taa zenyewe za nyuma, na hiyo ni video yake. Sasa naiacha iwake saa mbili nzima na sitoki chumbani. Nitakuwa nanusa na kugusa mgongo wake kwa nje. Ikivuka hapo, jioni naipandisha bajaji kwenda Rangi Tatu, na Mama Zai namwomba kitu kimoja tu: aisogeze mbali na ukuta kiganja kimoja, matundu ya mgongoni yapate hewa.