Jivu la Hekla linavyohesabu miaka ya kimya

Haya jamani, habari za huko nyumbani? Mnisamehe sauti, nimeshinda maabara tangu asubuhi. Shangazi aliniuliza kwenye simu, "Yaani umepanda ndege kwenda Aisilandi kusomea majivu?" Basi shangazi, video hii ni yako.

Tazameni picha hii, ukingo wa shimo tulilochimba kwenye udongo. Mnaona mistari? Mweusi, kahawia, mweusi tena, kisha huu mweupe kama unga. Huo mweupe ni jivu la Hekla, volkano ya hapa Aisilandi, mwaka 1104, mlipuko uliofukia mashamba ya bonde zima.

Jivu la volkano si la kuni. Ni vipande vidogo vya kioo: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, imepanda, gesi imefura ndani yake, ikapasuka na kupoa ghafla kabla fuwele hazijaota. Kwa hiyo kila chembe imefungia ndani yake ile magma ilivyokuwa siku ile. Sisi tunazigandisha chembe kwenye gundi, tunazisugua mpaka zing'ae, halafu tunazipiga kwa mwale wa elektroni. Kila elementi inajibu kwa eksirei zake, nasi tunasoma silika (kiungo kikuu cha kioo) kiasi gani, chuma kiasi gani.

Wiki ya kwanza niliharibu. Nilibana mwale ukawa mwembamba mno, sodiamu ikakimbia kwenye joto, namba zake zikatoka chini. Nilikasirika, acha tu! Sasa naupanua mwale na sodiamu naipima mwanzo kabisa.

Lakini kilichonivuta kwa Hekla ni hiki. Mwanajiolojia wa huku, Sigurdur Thorarinsson, aligundua kwamba kadiri mlima ulivyonyamaza muda mrefu, ndivyo jivu lake la kwanza linavyokuwa na silika nyingi. Magma ikikaa chini hubadilika, na ile nyepesi yenye silika hujikusanya juu. Mlima ukilipuka, hiyo ndiyo inayotangulia, kisha inafuata nzito na nyeusi.

Angalieni: mlipuko wa 1104 ulikuja baada ya kimya cha karne kadhaa, silika takriban asilimia 70. Wa 1947 ulikuja baada ya miaka 100 na ushee, takriban 62, na jivu lake likaruka hadi Finland. Wa 1970, baada ya miaka 20 na kitu tu, chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata tabaka ambalo hakuna mtu aliyeliandika popote, kioo chake kinakudokeza mlima ulikuwa umelala kiasi gani.

Hekla ililipuka mara ya mwisho mwaka 2000. Kabla ya hapo ilikuwa haichoki: 1970, 1980, 1981, 1991. Sasa imekaa kimya zaidi ya miaka 20. Siku ikiamka, wenzangu watakimbilia kamera. Mimi nipeni kijiko kimoja cha jivu la saa ya kwanza.