Nani Athibitishe Uraia Wako?

Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu wa Kigoma, mwakeye.

Kijana wa Manyovu anakwenda kuomba pasipoti. Ana kadi ya mpiga kura, ana barua ya mtendaji wa kijiji. Anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha bibi yake. Bibi alizalishwa na mkunga wa jadi, nyumbani. Cheti angekitoa wapi? Anaulizwa hayo kwa sababu Kiha chake kinasikilizana na Kirundi, na Burundi iko nyuma ya kilima. Naona mnacheka. Ukiwa dirishani pale haichekeshi.

Simlaumu ofisa, nazungumzia sheria. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kesi ya mtu aliyenyang'anywa pasipoti ya Tanzania akaambiwa si raia. Alifukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki mpakani, katikati ya Sirari ya kwetu na Isebania ya Kenya. Mahakama ilisema: huyu siku zote amehesabiwa raia, tena kwa hati za serikali yenyewe, kwa hiyo wa kuthibitisha kinyume ni serikali. Ikaiamuru Tanzania irekebishe sheria ili mtu wa namna hiyo apate pa kulalamika mahakamani. Maana Sheria ya Uraia ya 1995, kama ilivyotungwa, kifungu cha 23, Waziri halazimiki kutoa sababu na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Nikiulizwa tuanze kurekebisha wapi, mimi ningeanzia hapo, kabla hata ya kugusa ada na vibali. Serikali ina haki ya kuchuja, na mpaka wa Ziwa Tanganyika hili si mchezo. Lakini anayekukatalia akuandikie kwa nini, na pawe na hakimu wa kuisoma barua hiyo.

Ndoa naipitia haraka. Mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania, sheria ile inamfungulia njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume mgeni aliyemwoa binti yetu hana njia hiyo; ataomba tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni aliyekaa nchini, kama mgeni mwingine yeyote. Mama wa Ujiji mwenye mume kutoka Kalemie, Kongo ng'ambo ya ziwa, hahitaji mhadhara kulijua hilo.

Limebaki la muda. Mwaka 2010 serikali yetu ilikubali kuwapa tajnisi wakimbizi 162,256 wa Burundi waliokuja 1972, wa Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo. Jambo kubwa, na nalisifu. Ila vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Uraia wa Burundi walishaukana, wa Tanzania haujafika mkononi. Miaka minne! Mwombaji wa tajnisi anahesabiwa ukaazi: mwaka mmoja mfululizo kabla ya kuomba, na saba kati ya kumi iliyotangulia. Basi na ofisi nayo ihesabiwe siku, na iandikwe kinachofuata zikipita bila jibu.

Haya, maswali. Tuanze na mzee wa mstari wa mbele, amenyoosha mkono tangu nilipotaja cheti cha bibi.