Nani Kala Pembe?

SALMA: ...na Mungu anamwona. Tuko hewani?

REHEMA: Tuko hewani wifi, tangu uliposema "atapaliwa".

SALMA: Basi mazuri. Na asikie.

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuliahidi mafunzo matatu ya mboga za oveni, zile za sosi nyeupe na jibini juu. Nimeyaandika hapa, moja, mbili, tatu, nimeyapigia na mstari. Lakini wifi yangu amekuja na kesi mkononi, na mnamjua.

SALMA: Jumapili nilikuwa na wageni wanane. Nikajisemea nisijitese, bakuli moja la oveni litanimalizia, linajipika huku mimi naoga. Nikatoa mboga kwenye friza: koliflawa, karoti, njegere, maharage machanga. Juu yake supu ya uyoga ya kopo, makopo mawili, maziwa kidogo, jibini, nikasukuma ndani. Wifi, ilivyotoka! Juu rangi ya dhahabu, pembeni inatokota bwadabwada. Nikaiweka mezani, nikaenda kubadilisha nguo. Dakika kumi tu. Narudi, bakuli la pembe nne lina pembe moja.

REHEMA: (kicheko) Tatu zimeenda.

SALMA: Zimekatwa. Kwa kisu, mraba kabisa, kama mtu aliyepimiwa kiwanja. Na katikati, badala ya mboga, bwawa. Maji yametoka katikati yamejaa kwenye zile pembe tupu. Mgeni wangu akainua kijiko cha kupakulia, kikaja na maharage mawili na maji. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Tuchukue vibakuli?"

REHEMA: Maskini, alidhani ni supu.

SALMA: Na mume wangu, kaka yako huyo, akasema, "Tena leteni na vijiko vya chai."

REHEMA: Hebu tuanzie kwenye maji, maana hilo ndilo tulilojia. Zile mboga uliziyeyusha kwanza?

SALMA: Mfuko, mkasi, bakuli.

REHEMA: Ndo hapo. Mboga ikigandishwa, maji yaliyo ndani yake yanakuwa vipande vya barafu, na barafu inapasua kuta za seli. Ikishayeyuka hakuna kinachozuia, maji yote yanamwagika. Na koliflawa hata bila friza, gramu mia ni kama gramu 92 za maji. Sasa wewe umeweka mfuko mzima, ukaongeza supu, ukaongeza maziwa, ukafunika na foili...

SALMA: Foili niliitoa dakika ishirini za mwisho.

REHEMA: Ndiyo maana juu ilipendeza. Chini mafuriko.

SALMA: Hapana, sikiliza. Mimi nimeifikiria hii kesi wiki nzima. Zile pembe zilikuwa boma. Sosi ya pembeni ilishashika, imekauka, inazuia. Mwizi alipobomoa pembe tatu, bwawa likapasuka. Asingekata, ile kitu ingetulia dakika kumi na tano, ingekaza, wageni wangekula mboga kama watu.

REHEMA: Wifi, unataka kumfunga mtu kwa maji uliyoyaweka mwenyewe?

SALMA: Nataka afungwe kwa pembe. Maji ni kosa la nyongeza.

REHEMA: Ila kuhusu kutulia uko sahihi. Sosi ikitoka oveni ni nyepesi kuliko itakavyokuwa robo saa baadaye, inazidi kushika kadiri inavyopoa. Anayekata mapema anakaribisha maji.

SALMA: Mmesikia? Amekiri.

REHEMA: Nimesema sosi, sijasema mwizi. Na mbona pembe, lakini? Kwa nini mtu aache bakuli zima akate pembe?

SALMA: Unaniuliza mimi? Wewe ulivyokuwa msichana ulikuwa unagombania ukoko na nani?

REHEMA: Tusiingie huko. Ila ukweli, pembe ndiyo yenyewe. Joto linaipiga kutoka ubavu huu na ubavu ule na chini, maji yake yanakimbia mapema. Penye maji, joto haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100. Yakishakauka ndipo linapanda, na jibini na maziwa vinataka kama nyuzi 140 ndipo vipate ule ukahawia. Kwa hiyo katikati panachemka tu, pembeni panaungua vizuri. Ukiuma inakwambia krrr, halafu ndani laini.

SALMA: Acha, unanitia uchungu upya.

REHEMA: Nunua bakuli la duara. Halina pembe, halina kesi.

SALMA: Na halina raha. Mtu gani anaoka kwenye duara? Unampa mgeni nini cha heshima? Pembe nne, watu wanne wenye vyeo. Nilishazipangia wenyewe. Moja ya mgeni mkubwa, moja ya mama, moja ya mume wangu...

REHEMA: Ehee! Kumbe kaka yangu alikuwa na yake. Sasa mtu aibe kilicho chake?

SALMA: Alikuwa na moja. Zimekwenda tatu.

REHEMA: Asiyekuwepo na lake halipo. Mwache kaka yangu, hayupo hapa ajitetee.

SALMA: Kikulacho ki nguoni mwako, wifi. Nani mwingine alikuwa mle ndani? Watoto walikuwa nje, nawasikia sauti. Wageni hawajafika.

REHEMA: Kisu kilikuwa wapi?

SALMA: Hapo ndipo kesi inaponichanganya. Kisu nilikikuta kimeoshwa. Kimefutwa. Kimerudishwa kwenye droo, ncha imeelekea ndani.

REHEMA: (kicheko kirefu) Basi si kaka yangu! Huyo nimekua naye. Kisu akishakitumia anakiacha juu ya kitu chenyewe, kama bendera.

SALMA: Najua. Ndiyo maana sikulala.

REHEMA: Sasa mle ndani nani anaosha kisu hapohapo, anakifuta, anakirudisha ncha ndani...

SALMA: Mimi sijasema kitu.

REHEMA: Salma.

SALMA: Sijasema kitu! Nimesema tu ncha ilielekea ndani.

REHEMA: Unamsema mama yangu.

SALMA: Mama yako ni mama yangu. Akitaka pembe kumi nampa. Tuendelee na mafunzo.

REHEMA: Haya. Funzo la kwanza. Na hili wifi usikasirike. Tatizo halikuwa mfuko wa friza peke yake. Ni lile kopo.

SALMA: Tumeanza.

REHEMA: Sosi ya mboga za oveni inapikwa. Siagi gramu 30, unga wa ngano gramu 30, maziwa nusu lita. Unayeyusha siagi, unatia unga, unakaanga dakika moja au mbili mpaka harufu ya unga mbichi iondoke. Halafu maziwa, kidogo kidogo, mkono haupumziki. Siagi imeshaitenganisha ile chembe ya unga na mwenzake, kwa hiyo hupati mabuje. Kungumanga kidogo, pilipili manga. Dakika kumi. Na ukijua mboga zako zina maji, unapunguza maziwa, sosi inakuwa nzito. Kopo unalipunguzaje?

SALMA: Siweki maziwa, basi.

REHEMA: Na chumvi je? Ladha ya uyoga kwenye kila kitu je? Unamwalika mtu nyumbani kwako aje ale mkono wako, anakula mkono wa kiwanda.

SALMA: Hapo umenikosea.

REHEMA: Sijakukosea, nasema...

SALMA: Umenikosea, Rehema. Mimi natoka kazini usiku. Wewe unazo hizo dakika kumi za kusimama na mwiko mkono haupumziki, mimi sina. Na hiki chakula unachokitetea kwa siagi na unga, kile maarufu kuliko vyote cha maharage machanga, kimezaliwa na kopo. Dorcas Reilly, mwaka 1955, huko Camden, New Jersey, Marekani. Alikuwa anafanya kazi kwenye jiko la majaribio la Campbell's, kampuni ya supu za kopo. Kazi yake ilikuwa kutafuta chakula ambacho mtu anakipika kwa vitu alivyo navyo kabatini. Maharage, supu ya uyoga ya kopo, maziwa, soya sosi tone, pilipili manga, vitunguu vya kukaanga juu. Basi. Karatasi yake aliyoandikia hayo mapishi iko kwenye kumbukumbu za wavumbuzi wa Marekani, pamoja na watu wa umeme na ndege. Sasa wewe ukikipika kwa siagi na unga, wewe ndiye uliyekibadilisha. Mimi nimepika asili.

REHEMA: Asili gani ya 1955? Wafaransa wana viazi vyao vya oveni, gratin dauphinois, vimeandikwa tangu 1788. Viazi vimekatwa vyembamba, maziwa au krimu, kitunguu saumu, chumvi. Hakuna hata unga. Hauoshi viazi ukishavikata, ule wanga wa viazi wenyewe ndio unaokaza maziwa. Hakuna kopo pale.

SALMA: 1788 kopo lingetoka wapi? Halikuwepo! Na nikwambie, aliyegundua kufungia chakula kwenye chombo na kukichemsha ili kisioze ni Mfaransa mwenzao, Nicolas Appert. Serikali yao ikampa zawadi 1810. Wangekuwa nalo wangelitumia.

REHEMA: Appert alitumia chupa.

SALMA: Chupa, kopo, kimefungwa hakijafungwa?

REHEMA: Mimi bado nasema mgeni anajua. Ukimpa ya kopo anakula, anashukuru, lakini anajua.

SALMA: Anajua nini? Wewe umekula kwangu mara ngapi ukaomba uongezewe?

REHEMA: Nilijua.

SALMA: Ulijua ukaongeza?

REHEMA: Adabu, wifi.

(kimya)

SALMA: Mimi hilo silikubali. Na nitaendelea na kopo langu.

REHEMA: Na mimi sitakwambia ni sawa kwa sababu tu ni wifi yangu. Tuliache.

SALMA: Hatuliachi, ila endelea.

REHEMA: Funzo la pili lilikuwa la mboga zenyewe. Unachemsha koliflawa dakika tatu, unachuja, unaitandaza juu ya kitambaa safi mvuke uondoke, maana ikikaa kwenye chujio imerundikana inajichemsha yenyewe. Mimi lakini siku hizi sichemshi kabisa. Natandaza kwenye trei, mafuta kidogo, oveni nyuzi 200, dakika ishirini, inapoteza maji kabla haijaonana na sosi...

SALMA: Subiri, kuna ujumbe. Msikilizaji anasema kwake pembe zinaliwa usiku, baridi, mlango wa friji ukiwa wazi, na kila mtu anamsingizia paka.

REHEMA: Paka anakata mraba?

SALMA: Ndo nauliza! Paka anaosha kisu?

REHEMA: (kicheko) Na dakika zimekwisha. Fundi ananionyesha mkono. Bado sijagusa la tatu, la chenga za mkate.

SALMA: Liseme haraka.

REHEMA: Chenga za mkate uzichanganye na siagi kwanza, usimwage kavu, maana... hapana, lina maelezo. Wiki ijayo.

SALMA: Wiki ijayo tuliahidi mikate.

REHEMA: Basi sijui lini. Ila swali moja kabla hatujazima. Pembe zilikuwa nne. Tatu zimeibwa. Ya nne mgeni mkubwa aliipata?

SALMA: Hee.

REHEMA: Salma.

SALMA: Nilikuwa na hasira. Nimeingia, nimeona lile bwawa, wageni wako mlangoni wanavua viatu. Nikaibandua kwa mkono.

REHEMA: Umeila?

SALMA: Nimesimama. Kwa vidole. Ilikuwa ya moto, nimeungua na ulimi.

REHEMA: Kwa hiyo boma la mwisho umelibomoa mwenyewe! Maji yale ya mgeni ni yako!

SALMA: Lilikuwa limeshavuja, Rehema, moja lingezuia nini? Fundi, zima. Zima, nimesema.

REHEMA: Usizime! Na kisu je, wewe ulikiosha?

SALMA: Nimekwambia nilitumia mkono. Tena mwambie mama...