Watu 130 wa elfu mbili: namna ya kuchangisha kwa ajili ya vijana wa mtaa

Viongozi wa vikundi, makocha, wazazi mliofika, asanteni kwa kuwahi. Nimeombwa niongelee harambee, ila naanza na kamati ya harusi, kwa sababu sidhani kama kuna mtu humu ambaye hajawahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango.

Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa wiki nane mpaka kumi, haina ofisi wala mfadhili. Inaweza kwa sababu ina vitu vitatu: tarehe isiyosogea, bajeti ya ukumbi na chakula ambayo kila mjumbe ameiona, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu. Kikundi cha vijana kikitaka kuchangisha, mara nyingi hakina hata kimoja. Kina bango, mgeni rasmi na maneno "tunaomba mtuunge mkono". Mtu akiuliza "mkono wa shilingi ngapi?" wanatazamana.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Tuchukue mradi wa kawaida: vijana 40 wa miaka 12 hadi 17, mazoezi ya mpira na saa moja ya masomo, mara mbili kwa wiki, Februari hadi Novemba. Hiyo ni miezi 10, tukihesabu siku nane kwa mwezi ni siku 80. Bei nitakazotaja ni za mfano. Mkirudi kwenu, badilisheni muweke za soko lenu.

Makocha wawili, nauli 3,000 kila mmoja kwa siku, inakuwa 480,000. Mipira sita ya 35,000, 210,000. Vizibao 20 vya mazoezi vya 5,000, laki moja. Sanduku la huduma ya kwanza na kulijaza tena katikati ya mwaka, 60,000.

Halafu uji. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu bajeti nyingi huandika "viburudisho" na kuweka namba ya kubuni. Vijana 40, kila mmoja kikombe cha mililita 300, ni lita 12. Lita 12 za uji wa kunywa, si wa kuchota kwa kijiko, zinataka unga wa lishe kilo moja na nusu na sukari gramu 600 hivi. Unga wa 3,000 kwa kilo ni 4,500, sukari ya bei hiyohiyo ni 1,800, mkaa weka 1,500. Jumla 7,800 kwa siku. Zidisha mara 80: 624,000. Mpishi naye apewe 3,000 kila siku, kwa sababu mama anayepika bure atapika Februari na Machi, Aprili atakuwa na msiba, Mei hamtamwona. Hiyo ni 240,000.

Jumlisha: 1,714,000. Sasa angalieni kitu. Uji na mpishi wake peke yake ni 864,000, zaidi ya nusu. Mipira yote ni 210,000. Lakini ukienda kuomba, unaomba nini? Mipira. Na mipira ndiyo kila mtu anapenda kutoa, hasa msimu wa uchaguzi, ikiwa na picha ya mtoaji. Kuna vikundi vina mipira kumi na nne na vijana wanaondoka saa kumi na moja jioni kwa njaa.

Ongeza asilimia 10 ya dharura, 171,400. Jumla kuu 1,885,400. Gawa kwa 40, halafu kwa 10: kijana mmoja anagharimu kama 4,700 kwa mwezi. Namba hiyo ishikeni kichwani. Mtu akikusimamisha stendi akakuuliza mnahitaji nini, hujibu "msaada", unajibu "elfu nne na mia saba kwa kijana kwa mwezi, karibu nusu yake ni uji na mpishi wake".

Sasa namna ya kuipata. Njia iliyozoeleka ni harambee ya siku moja: turubai, viti, spika, soda, mgeni rasmi. Sisemi msifanye. Nasema piga hesabu ya siku yenyewe. Ukitumia laki sita kuiandaa, ukapata ahadi za milioni mbili, na mwezi ukiisha fedha iliyoingia ni laki nane, umefanya kazi ya miezi miwili kwa laki mbili. Ahadi siyo pesa. Kamati ya harusi inajua, ndiyo maana ina lugha yake: mtu "anapunguza ahadi", halafu "anamalizia". Daftari lina safu nne: jina, ahadi, alichotoa, baki. Sisi tunaandika safu mbili tu, jina na ahadi, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani.

Kama harambee lazima iwepo, zungumzeni na mgeni rasmi wiki mbili kabla. Atoe kiasi gani, na atoe siku hiyohiyo, kwa sababu wanaomfuata watafanya alichofanya yeye. Akitoa bahasha, watatoa pesa. Akitoa ahadi ya gari la vijana, ukumbi mzima utaahidi magari.

Njia ninayoipendekeza haina spika. Shilingi 2,000 kwa mwezi, mtu mmoja, miezi 10: 20,000 kwa mwaka. Gawa 1,885,400 kwa 20,000, unahitaji watu 95. Lakini usitafute 95. Mmoja kati ya wanne ataacha njiani, si kwa ubaya, amehama au simu imebadilika. Tafuta 130. Wakibaki robo tatu yao mnapata 1,950,000 na mradi unakwenda. Kwa nini elfu mbili na si elfu kumi? Kwa sababu elfu kumi mtu anaifikiria, na akishaifikiria anaiahirisha. Fundi, mama wa genge, dereva wa bodaboda, mwalimu: wote wanaweza elfu mbili tarehe 5 ya kila mwezi bila kuitisha kikao nyumbani.

Watu 130 hawapatikani kwa tangazo. Wajumbe 13, kila mmoja watu 10 anaowajua kwa jina, na ni yeye anayewakumbusha. Ujumbe wa kumkumbusha mtu uende kwake peke yake. Kubandika kwenye kundi orodha ya "wasiolipa" kunaleta pesa mwezi mmoja, mwezi wa pili watu wanatoka kwenye kundi kimyakimya. Na msianze Januari. Januari ni sare, madaftari na madeni ya sikukuu. Utaomba na utanyimwa, na aliyekunyima mara moja ni kazi kumrudia.

Wenye biashara waombwe kitu chenye kipimo. Mwenye mashine ya kusaga usimpelekee andiko la kurasa 12. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja: tunaomba unga wa lishe kilo 12 kila mwezi, Februari hadi Novemba. Hiyo ni kilo 120, thamani 360,000, sawa na wachangiaji 18. Ni kitu anachokielewa, na kwake kinamgharimu pungufu ya bei ya dukani. Mkipokea vitu, viandikeni kwenye daftari kwa bei yake, na mkubaliane vipimo kabla. Jezi 30 za watu wazima kwa watoto wa miaka 13 si msaada, ni mzigo wa kuhifadhi.

Fedha ikae wapi? Kosa ninalolisikia kila mahali ni laini ya mweka hazina. Laini imesajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo mbele ya kampuni ya simu pesa ni yake. Akisafiri mradi unasimama, akifariki pesa inaingia kwenye mirathi. Jiandikisheni kama kikundi halmashauri, mtaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mfungue akaunti yenye watia sahihi watatu, na pesa isitoke bila sahihi mbili. Kila mchango uwe na stakabadhi yenye namba na nakala. Meseji ya muamala inayoonyeshwa kwenye simu ya mtoaji msiipokee kama ushahidi, meseji za kughushi zipo nyingi. Angalieni salio lenu.

Na hela ya kwenye kapu isitumike hapohapo. Imekusanywa 86,000, mtu anasema "tutoe kwanza 10,000 ya soda za wageni". Mkiandika 76,000, mmeanza kudanganya bila kukusudia. Iandikwe 86,000, kisha matumizi 10,000.

Kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya vikundi, najua wengi mmekuja na swali hilo. Iko kisheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya Tanzania, kiliongezwa mwaka 2018: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Lakini ni mkopo. Hauna riba, ila unarudishwa. Ni wa kikundi chenye kitu cha kuuza: kufyatua matofali, kufuga kuku, kushona. Mradi wa uji na mpira hauingizi shilingi, utalipa na nini? Vijana wenu wakubwa wakitaka kuanzisha karakana, waombe wao, kwa kikundi chao na akaunti yao. Msichanganye vitabu.

Jambo la watoto nalipitia haraka ingawa si dogo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Picha zake hazipelekwi kwa mfadhili bila mzazi kuridhia kwa maandishi, na hakuna mfadhili, hata awe mkarimu vipi, anayekaa na mtoto peke yake.

Taarifa kwa wachangiaji: kila tarehe 1, mistari minne. Tumepokea, tumetumia, kimebaki, vijana waliohudhuria kwa wastani. Ibandikeni pia kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mwezi ambao mahudhurio yameshuka kutoka 38 hadi 22, andikeni 22 na sababu. Mchangiaji akigundua mwenyewe uwanjani, hamtamrudisha.

Dada wa pale nyuma ameuliza, Novemba ikibaki laki na nusu ifanyweje. Isigawanywe kama posho ya kufunga mwaka, na isinunue keki. Iandikwe "salio la kuanzia Februari", na wachangiaji waambiwe kiasi. Laki na nusu ni siku 19 za uji na chenji kidogo, na Februari ndiyo mwezi ambao nusu ya watu wenu watakuwa bado hawajatuma.