Kivuli cha Quaoar

Mabibi na mabwana,

Zaidi ya mara 40 ya umbali ulioko kati ya Dunia na Jua, ng'ambo ya Neptuni, kuna gimba liitwalo Quaoar, lililogunduliwa mwaka 2002 na wanaastronomia Chad Trujillo na Michael Brown. Kipenyo chake ni takriban kilomita 1,100, hakifiki nusu ya kile cha Pluto, na kwa darubini nyingi halionekani ila kama nukta. Hata hivyo, mwezi Februari 2023 ilitangazwa kwamba nukta hiyo imezungukwa na pete, na pete yenyewe haikuonekana kwa jicho wala kwa picha, bali kwa kivuli chake.

Mara mojamoja gimba la namna hii hupita mbele ya nyota ya mbali na kuiziba kwa sekunde kadhaa. Watazamaji waliojipanga mahali mbalimbali duniani hupima, kila mmoja kwa saa sahihi, muda ambao nyota ilipotea kwake, na vipimo hivyo vikiunganishwa hutoa ukubwa na umbo la gimba. Njia hii ndiyo iliyofichua pete za Uranusi mwaka 1977, na baadaye za Chariklo na Haumea, magimba mengine madogo ya mbali. Naiheshimu sana, kwa sababu humpa nafasi hata mtu mwenye darubini ndogo uani kwake: vipimo vya wapenzi wa anga wa Australia vilisaidia kuigundua pete ya Quaoar, sambamba na vile vya darubini kubwa ya kisiwa cha La Palma, Uhispania, na CHEOPS, chombo cha angani chenye darubini. Nyota ilififia kidogo kabla ya kuzibwa, kisha ikafifia tena baada ya kujitokeza, kwa kuwa pete ilipita mbele yake.

Lililowashangaza wataalamu ni mahali pete hiyo ilipo. Katika karne ya 19 Mfaransa Édouard Roche alionyesha kwamba kila gimba lina mpaka wake: ndani ya mpaka huo mvutano wa gimba huvitenganisha vipande vinavyolizunguka, na nje yake vipande hukusanyika vikawa mwezi. Kwa Quaoar mpaka huo uko kilomita 1,780 hivi kutoka kitovuni, ilhali pete iko kilomita 4,100, mahali ambapo, kwa hesabu tulizozizoea, ilipaswa kugeuka mwezi katika miongo michache tu. Miezi miwili baadaye ikatangazwa pete ya pili, kwenye kilomita 2,500, nayo pia nje ya mpaka.

Maelezo mojawapo ni kwamba katika baridi kali ya huko, vipande vya barafu vinapogongana hudunda badala ya kugandana. Maelezo hayo yana nguvu, lakini mimi naupa uzito zaidi mwendo wa Quaoar yenyewe kujizungusha, kwani pete ya nje iko karibu na mahali ambapo kipande huizunguka Quaoar mara moja huku Quaoar ikijizungusha mara tatu. Pete za Chariklo na ya Haumea nazo ziko karibu na uwiano huohuo wa tatu kwa moja, ingawa ya Haumea imo ndani ya mpaka wa Roche.